Maporomoko ya Victoria: namna ya kufika, kuzunguka na kurudi salama

Watu wakinipigia simu kuulizia safari ya Maporomoko ya Victoria, wengi huanza na nauli. Mimi huwarudisha kwenye mwezi: unataka kwenda lini? Maporomoko yako kwenye mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe; Zambezi wa Aprili na Zambezi wa Oktoba ni mito miwili tofauti kabisa, na karibu mambo yote yanafuata hapo: upande wa kulala, viatu vya kuvaa, mahali pa kusimama, maji ya kugusa na maji ya kuyaacha. Kazi yangu ni kusindikiza vikundi kwa basi kutoka Mbeya, walimu, wanakwaya, familia zilizodunduliza mwaka mzima, na kila ninayeondoka naye nataka nirudi naye. Haya ndiyo ninayowaeleza kabla hatujakata tiketi.

Anza na maji

Mvua za kule hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi, lakini mto hujaa zaidi Aprili, mvua zikiwa zimeshakatika. Maji mengi yanatoka mbali, kaskazini-magharibi mwa Zambia na Angola, na njiani hutandaa kwenye uwanda wa Barotse na kukaa huko kwa majuma kadhaa kabla ya kuteremka. Ndiyo maana mgeni anayekwenda Januari akidhani mvua ndiyo maji hushangaa.

Machi hadi Mei maporomoko yote, yenye upana wa mita 1,708 na kimo kinachofika mita 108, huwa ukuta mmoja wa maji. Manyunyu hupanda mamia ya mita angani na unayaona ukiwa Livingstone, mji wa upande wa Zambia, kama kilomita 10 kutoka hapo. Utalowa mpaka nguo za ndani, na mara nyingi hutaona kitu isipokuwa weupe na ngurumo. Wapo wanaoipenda hali hiyo, mimi mmoja wao, ila mwambie mapema mtu aliyekuja kwa ajili ya picha.

Septemba hadi Novemba mambo hugeuka. Upande wa Zambia mwamba hubaki mtupu kwa sehemu kubwa, na aliyelala Livingstone bila kujua huona amedanganywa. Upande wa Zimbabwe maji hayakatiki mwaka mzima, kwa sababu sehemu iliyochimbika zaidi, ile inayoitwa Devil's Cataract, iko huko, na maporomoko makuu yanaonekana kutokea hapo. Basi ukienda miezi hiyo, panga siku yako ya maporomoko upande wa Zimbabwe. Mimi hupenda kupeleka vikundi Juni hadi Agosti: maji bado ni mengi, ukungu umepungua, mbu ni wachache, na baridi ya asubuhi watu wa Mbeya wala haiwasumbui. Juma moja kabla ya kuondoka, fungua tovuti ya Zambezi River Authority, mamlaka ya pamoja ya Zambia na Zimbabwe inayosimamia mto huu. Kila siku huandika kiasi cha maji kinachopita pale kwenye maporomoko, pamoja na cha siku kama hiyo mwaka uliopita.

Barabara, saa na mpaka

Kwa wanaotumia barabara, njia ni Tunduma, unavuka kuingia Nakonde, kisha Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Kabwe hadi Lusaka. Lala Lusaka. Usiungane na wale wanaotaka kuunganisha basi la pili wakiwa wamechoka, maana Zambia ilipiga marufuku mabasi ya abiria kutembea kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri tangu mwaka 2016, na mtu akichelewa kidogo hujikuta amekwama kituoni na mizigo yake. Asubuhi panda basi kituo kikuu cha Intercity. Kutoka hapo hadi Livingstone ni chini kidogo ya kilomita 500 kupitia Mazabuka, Monze, Choma na Kalomo, safari inayokula karibu siku nzima ya mwanga. Mwenye uwezo wa kuruka ana viwanja viwili, kimoja Livingstone na kingine Victoria Falls, ambacho kiko kama kilomita 20 nje ya mji.

Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Halafu wanahesabu kwa namna ya simu, kwa hiyo tiketi ikisema 07:00 ni saa moja asubuhi ya kwao, wakati mama aliyebaki nyumbani Mbeya ameshafika saa mbili. Nimeona watu wakibishana na kondakta kwa sababu ya jambo hili dogo. Ukivuka Nakonde, rudisha saa yako hapohapo na mwambie kila mtu kwenye kikundi afanye hivyo.

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya haombi viza ya matembezi kuingia Zambia wala Zimbabwe. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano pamoja na pasipoti, hasa kama safari yako inaanzia Kenya. Mpaka wa pale maporomoko hufunguliwa saa 12 asubuhi (06:00) na kufungwa saa 4 usiku (22:00), kwa saa za kule. Ukiwa umelala Livingstone na umevuka kwenda kula chakula cha jioni upande wa pili, kumbuka hesabu hiyo, maana saa 4 ikipita umelala usikopanga.

Kama hutaki kuvuka nchi, unataka tu kusimama juu ya daraja, mwambie afisa uhamiaji hivyo. Atakupa kipande cha karatasi kilichogongwa muhuri kinachokuruhusu kwenda darajani na kurudi bila kugongewa pasipoti. Kitunze, utakidaiwa. Daraja hilo la chuma lilifunguliwa mwaka 1905, liko mita 128 juu ya mto, na treni, malori na waenda kwa miguu wote wanapita hapohapo. Lori likija, simama pembeni kwenye njia ya miguu na usubiri lipite. Usijiegemeze kwenye ukingo ukiwa umegeuza mgongo ili upigwe picha.

Darajani utakutana na vijana wanaouza bangili za shaba na noti za zamani za Zimbabwe zenye matrilioni. Ni biashara yao halali, wasalimie vizuri. Kama huna nia ya kununua, sema mara moja na uendelee kutembea. Usitoe pochi nzima mbele ya watu: weka fedha ya matumizi ya siku mfuko wa mbele, nyingine ibaki ndani. Zambia tumia kwacha. Zimbabwe dola za Marekani zinapokelewa kila mahali, lakini chenji ni shida, kwa hiyo beba noti ndogondogo, safi, zisizochanika. Mtanzania anapolipa kiingilio cha hifadhi upande wa Zimbabwe, aonyeshe pasipoti na aulizie bei ya raia wa nchi za SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), ambayo ni chini ya ile ya wageni wa mbali. Hakuna atakayekukumbusha.

Kuhusu kuzunguka: mji wa Victoria Falls uko karibu sana na geti la hifadhi, mchana unatembea kwa miguu. Livingstone ni mbali, chukua teksi, na mpatane bei kabla hujafunga mlango. Ukimpata dereva mstaarabu siku ya kwanza, chukua namba yake na umtumie hadi siku ya kuondoka.

Kwenye njia za kutazamia

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Mwamba wa pale ni basalti, mweusi, na manyunyu hayaupi nafasi ya kukauka. Juu yake huota utando wa kijani usioonekana mpaka umeukanyaga. Kandambili ziache hotelini. Viatu vya ngozi vya soli laini, hivyo tunavyovaa kanisani, ni hatari kuliko hata kandambili kwa sababu mtu huviamini. Raba zenye meno ndiyo jibu, na ukubali kwamba zitalowa.

Usitegemee uzio. Upande wa Zimbabwe, sehemu kadhaa za kutazamia zimezuiwa kwa vichaka vya miiba vilivyopangwa kimo cha goti au kiuno, na pale Danger Point ni mwamba mtupu hadi kwenye korongo. Siku ya mwaka mpya ya 2021 mtu aliyekuwa ametembea na familia yake aliteleza upande huo akaanguka, akafa. Huwa nawaambia wasafiri habari hiyo waziwazi, tukiwa bado getini. Sheria yangu Danger Point ni kwamba unakaribia ukiwa umeangalia chini, unasimama mahali ambapo ukianguka utaanguka kwenye mwamba, ndipo unainua macho. Simu inatoka mfukoni baada ya miguu kutulia. Ukitaka kuhama hatua moja, simu inashuka kwanza. Anayepiga picha ndiye anayemwambia mwenzake "rudi nyuma kidogo", na nimepiga marufuku neno hilo kwenye vikundi vyangu. Kama picha haitoshi, mpigaji ndiye asogee.

Watoto wadogo washikwe kifundo cha mkono, siyo vidole. Mkono uliolowa huchomoka. Mtoto mmoja, mtu mzima mmoja, muda wote mkiwa kwenye njia.

Upande wa Zambia kuna daraja jembamba la miguu, Knife Edge. Miezi ya maji mengi, kulivuka ni kutembea ndani ya mvua inayokuja kutoka chini na pembeni kwa wakati mmoja. Liko imara na lina vishikio. Mama mmoja wa kwaya, mtu mzima wa miaka zaidi ya sitini, alisimama mwanzoni mwake akiwa amejifunga kitenge juu ya gauni. Kitenge kilipolowa kikawa kizito, kikamshika magotini hata hatua ikawa haitoki. Nilimwomba akifungue tu. Akakikunja, akanipa nikibebe, akashika kishikio kwa mikono miwili, akavuka akiimba. Tangu hapo nawaambia akina mama wote: suruali au sketi fupi ya kukauka haraka, na kitenge kikavu kikungoje kwenye begi la pili ambalo halikuingia ndani.

Makoti ya mvua hukodishwa getini, lakini yameshavaliwa na wengi na mengine yamechanika; nunua lako la plastiki kabla ya safari, ni jepesi. Pasipoti na simu viweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kabisa, kisha ndani ya begi. Miwani ya macho itajaa matone, beba kitambaa.

Upande huohuo wa Zambia kuna njia inayoteremka hadi Boiling Pot, mahali mto unapojikunja kwa nguvu chini ya lile daraja la chuma la mpakani. Kushuka ni ngazi na mawe katikati ya msitu wa mikindu, na kupanda ndiko kunakowaonyesha watu magoti yao. Nenda asubuhi, beba maji ya kunywa, na mwenye presha au pumu abaki juu bila kuona aibu. Chini pale usikanyage maji hata kidogo. Mto unapanda na kushuka kwenye mawe kila sekunde chache, na jiwe lililokuwa kavu unapolitazama linaweza kuwa limefunikwa unapolifikia.

Nyani, tembo na wengine

Watu huogopa mamba, halafu wanaumizwa na nyani. Njia ya Boiling Pot na maegesho ya magari pande zote mbili ni makazi yao, na wameshajifunza kwamba mfuko wa plastiki maana yake chakula. Mwalimu mmoja wa kikundi changu alikuwa ameshika mfuko wenye skonzi na chupa ya soda. Dume likashuka kutoka kwenye paa la kibanda, likaja taratibu, likaweka mkono juu ya mfuko na kumtazama usoni. Nikamwambia, "Mwalimu, achia." Akaachia. Dume likaketi hatua tatu kutoka kwetu, likang'ata kizibo mpaka kikatoka, likanywa soda yote ndipo likafungua skonzi. Meno yake tuliyaona vizuri, marefu kuliko ya mbwa. Mwalimu hakupata hata mkwaruzo, na hiyo ndiyo namna pekee ninayoifundisha: achia, usivutane, usimkazie macho, usicheke ukaonyesha meno, usikimbie. Rudi kinyumenyume. Bora zaidi, usibebe chakula mkononi. Kiwe ndani ya begi lenye zipu, na begi liwe mgongoni.

Tembo ni habari nyingine. Pale hakuna uzio kati yao na watu. Jioni huingia mitaa ya mji wa Victoria Falls, na barabara ya kutoka Livingstone kwenda maporomoko wanaivuka kuelekea mtoni, hasa miezi ya kiangazi. Mchana ukimwona tembo ukiwa ndani ya gari, mwambie dereva asimame mbali, azime muziki, asipige honi. Tembo atapita akimaliza shughuli zake. Ukiwa kwa miguu, geuka kabla hajakuona, tafuta ukuta, jengo au mti mkubwa wa kukaa nyuma yake, na kamwe usipite katikati ya mama na mtoto. Wenyeji wakisimama barabarani wakiangalia upande mmoja, nawe simama. Wao wanajua wanachokiangalia. Matunda usiyabebe wakati wa jioni, harufu ya machungwa tembo huipata kutoka mbali.

Juu ya maporomoko mto unaonekana umetulia, mpana, wa kuvutia mtu kunawa miguu. Kuna viboko na mamba humo. Usikae ukingoni, usioshe vyombo, usiogelee hata ukiwaona vijana wa pale wanavua samaki. Ukitaka kuuona mto kwa karibu, panda boti ya machweo, vaa boya unalopewa, na weka mikono ndani ya boti.

Ngiri wanaotembea mitaani waache wapite zao.

Michezo ya maji na ya kuruka

Devil's Pool ni kidimbwi kilichoko kwenye mdomo kabisa wa maporomoko, karibu na Kisiwa cha Livingstone. Kinafunguliwa maji yanapokuwa machache, takriban katikati ya Agosti hadi Januari, na tarehe hubadilika kila mwaka kulingana na mto. Kwenda ni kwa boti, na waongozaji wenye kibali, kwa kuandikisha nafasi mapema. Lakini kiangazi kikikolea utafuatwa na kijana upande wa Zambia atakayekuambia anaijua njia ya kukatiza juu ya mwamba kwa miguu, kwa bei ndogo. Mkatalie. Mawe yanateleza, mikondo iliyobaki ina nguvu kuliko inavyoonekana, tembo huvuka hapohapo, na ukivunjika mguu katikati hakuna boti inayokungoja. Hili silijadili na mtu yeyote katika kikundi.

Kuteremka mto kwa boti za mpira katika korongo la Batoka ni kati ya safari kali duniani, na msimu wake mzuri ni maji yakiwa chini, Agosti hadi Desemba. Mtu asiyejua kuogelea asidanganywe na boya. Boti hupinduka, huo ndio mchezo wenyewe. Uliza pia namna ya kutoka korongoni, maana kupanda kwa miguu juani baada ya kutwa mtoni huwamaliza hata vijana. Kuruka na kamba kutoka darajani ni mita 111. Watakupima uzito, na ukiona kipimo kimefanywa juujuu, ondoka. Karatasi utakayopewa kusaini isome yote, na ujue bima yako inalipia nini kabla ya kuweka jina.

Usiku

Usitembee kwa miguu giza likiingia, hata kwa umbali wa dakika tano, hata mkiwa kumi. Sababu ni tembo kwanza, watu baadaye. Chukua teksi kutoka mlango hadi mlango.

Kuna usiku mmoja unaostahili kutoka: mwezi ukiwa mpevu, hifadhi pande zote mbili hufunguliwa tena ili watu waone upinde wa mvua unaotokana na mwanga wa mwezi. Unahitaji manyunyu ya kutosha na anga safi, kwa hiyo Aprili hadi Julai ndiyo miezi yake. Kaa na kikundi cha mwongozaji, vaa koti zito maana manyunyu ya usiku ni baridi, na usiwashe tochi ya simu usoni mwa mtu aliyesimama karibu na ukingo. Mimi hukataa kuwapeleka watoto chini ya miaka kumi usiku huo, na wazazi wamenielewa.

Bonde lote la Zambezi lina malaria. Anza dawa za kinga kabla ya kuondoka kama daktari atakavyokuelekeza, lala ndani ya chandarua, vaa mikono mirefu jioni. Watu wa nyanda za juu kama Mbeya tunasahau hili upesi kwa sababu ya baridi yetu. Ukirudi nyumbani ukapata homa, hata majuma mawili au matatu baadaye, usijipe dawa ya mafua: nenda ukapime siku hiyohiyo na umwambie daktari kwamba ulikuwa Zambezi.